Kibali cha Inyamanza

Mwanafunzi akinikabidhi karatasi isiyo na jina, presha inanipanda. Nimefundisha shule za msingi miaka ishirini na sita, kwanza Nyamahanga na sasa huku Ngara, na mpaka leo sijaelewa mtu anawezaje kujibu maswali yote halafu akasahau kuandika yeye ni nani. Namkata alama tano. Wazazi wamewahi kunishitaki kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akaniomba nipunguze makali, nikapunguza zikawa nne. Kalamu yangu nyekundu huandika neno moja tu, "Jina?", na kile kiulizo nakikandamiza mpaka kinatokea upande wa pili wa karatasi.

Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililokuja kunirudia.

Mambo yalianza pale kata yetu ilipopata ofisi mpya, yenye vigae vya kuteleza na veranda ya kusubiria. Mtendaji wa kata alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, shati lake limenyooshwa kila siku, na alikuwa na haraka ya kuonekana. Akaamua kwamba ofisi mpya lazima iwe na alama rasmi, nayo iwe mnyama. Atachorwa ukutani kando ya mlango na kwenye bango la barabarani, na kwenye fulana za timu ya kata. Shule tatu za msingi zikaandikiwa barua: wanafunzi wachague mnyama, waeleze sababu kwa maandishi, kamati ya maendeleo ya kata itapitisha mmoja, na nakala ya barua itakayoshinda itapelekwa wilayani.

Mwalimu mkuu alitusomea barua ile kwenye kikao cha walimu, akaikunja, akanitazama mimi. Pale shuleni kila kazi isiyo na mwenyewe ni ya mwalimu wa uraia.

Nilidhani ingemalizika kwa kipindi kimoja. Ningetaja chui, darasa la sita wangenyoosha mikono, tungeendelea na mada ya haki na wajibu. Nilisahau nafundisha wapi. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Nyabusozi, kule Biharamulo, nimekulia kwenye miziro, na bado nilisahau. Huku kwetu kila ukoo una muziro wake, mnyama ambaye hawamuui wala hawamli, na nyumba nyingine hata kumtaja hovyo hawataki.

"Chui," nikasema.

Mtoto wa dawati la mbele akasimama. "Madam, chui ni wa kwetu."

"Vizuri. Si utafurahi?"

"Hapana, madam. Akichorwa ukutani, watu watampiga mawe. Na mpira utamgonga."

Nikajaribu swala. Binti mmoja akasema bibi yake akikutana na swala anageuza njia na kurudi nyumbani, kwa hiyo akichorwa ofisini bibi hatakwenda ofisini tena. Nikajaribu mbega. Huyo naye alikuwa na wenyewe, tena wawili, wakaanza kubishana nani ni mwenyewe zaidi. Kuna aliyetaja fisi kwa mzaha, darasa likavunjika mbavu, kumbe mtoto mmoja nyuma kule analia, kwa sababu fisi ni wa kwao na hakuwahi kumwambia mtu. Ikabidi niache alama ya kata nibembeleze mtoto wa fisi.

Siku ya pili watoto wa Kisukuma, ambao wazazi wao walihamia na mifugo, wakaja na msimamo mmoja: ng'ombe. Watoto wa wakulima wakapiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la tano akachungulia dirishani. Ng'ombe! Hao hao waliokula maharage yao msimu uliopita! Siku ya tatu tulifika kwa kobe. Siku ya nne nikapiga meza kwa rula, rula ikavunjika, nikawaambia waweke kalamu chini na wanyamaze, kwa sababu nilikuwa nimechoka nao kuliko ninavyoweza kueleza.

Kwenye ukimya ule ndipo aliposema yule binti wa dawati la tatu, karibu na dirisha. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, herufi zimesimama sawa, na kwa muhula mzima nilikuwa nimesikia sauti yake labda mara sita.

"Madam, inyamanza."

Inyamanza ni kindege kidogo, cheusi na cheupe, kinachotembea uani kikitingisha mkia. Hakiogopi watu. Kinapita mbele ya mlango huku unapepeta mahindi, kinakutazama, kinaendelea na safari yake. Nilisubiri kelele zianze. Mtoto mmoja akasema kwao hawamuui. Mwingine akasema na kwao pia. Yule aliyelilia fisi akasema inyamanza hana ubaya. Nikawageukia watoto wa ng'ombe nikitegemea vita, na mmoja wao akasema taratibu, "Kwetu anafuata ng'ombe, madam. Anakula nzi."

Mikono yote ikanyooka. Darasa lililokuwa halikubaliani hata juu ya nani afute ubao lilikubaliana juu ya kindege kisichojaza kiganja. Ningefurahi, ila nilikuwa bado nina hasira ya rula.

Mwalimu mkuu naye akanipotezea siku nzima. "Wameomba mnyama," akasema, "wewe unaniletea ndege." Nikamuuliza ndege ni nini, mmea? Akaniambia niache utani, jambo hili ni la kiofisi. Akamwita mwalimu wa sayansi kuthibitisha. Mwalimu wa sayansi alithibitisha kwa maelezo marefu, akianzia kwa wenye uti wa mgongo, huku mimi nimesimama na madaftari sabini mikononi.

Halafu watoto wakaanza kampeni. Sikuwatuma. Shule nyingine mbili zilikuwa zimechagua simba na twiga, na wangu waliposikia hivyo wakaingiwa na wazimu. Walikata maboksi, wakachora inyamanza kwa mkaa, wakamvaa shingoni kwa kamba za katani. Jumapili wakajitokeza nje ya makanisa wakitembea hatua fupifupi huku wakitingisha viuno kwa namna ya mkia wake. Waumini waliokuwa wakitoka walicheka mpaka wakashika ukuta. Tatizo ni kwamba kwenye kanisa moja ibada ilikuwa haijaisha. Jumatatu nikaitwa na mchungaji kujieleza kwa nini wanafunzi wangu wanakata viuno mbele ya nyumba ya Mungu. Nikajieleza. Mchungaji alinisikiliza kwa uso mgumu, na mwisho akaniuliza kama barua inahitaji saini za watu wazima, maana na yeye inyamanza anampenda.

Basi tukaandika barua. Kila kundi lilitoa sababu moja, na yule binti, kwa sababu ya mwandiko wake, akawa mwandishi. Nikamwambia aweke na sababu yake mwenyewe mwishoni kisha atie jina lake, kwa kuwa wazo lilikuwa lake. Nilikuwa nimewafundisha juma lile lile kwamba raia anayeandika barua hutaja jina lake na kulisimamia. Nilifundisha kwa sauti kubwa, ubao umejaa.

Sababu yake ninaikumbuka neno kwa neno. Aliandika: "Babu yangu alipovuka mto kuja hapa hakuwa na kitu. Alifyeka mahali akakaa chini akasubiri. Inyamanza akaja akatua pale alipofyeka, akatembea. Ndipo babu akajenga. Bibi anasema ndege huyo ndiye aliyetupa kibali cha kukaa, na kibali kingine hatujapata, lakini huyo hajawahi kutufukuza."

Nilisoma nikaipenda. Wakubwa wa huku wanaijua desturi hiyo, kwamba mtu anayejenga mahali papya humsubiri yule ndege akanyage kiwanja kwanza. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka vema kubwa pembeni, nikaandika "Vizuri sana!" Nikaipiga muhuri wa shule nikaipeleka ofisini mimi mwenyewe, kwa bodaboda, nikijisikia mwalimu.

Mwalimu mwenye akili timamu angesoma mara ya pili. Mimi sikusoma.

Mtendaji aliisoma mbele yangu. Alitabasamu kwenye nzi wa ng'ombe, akatabasamu kwenye saini ya mchungaji. Alipofika mwisho akaacha kutabasamu. Akarudia kusoma, kidole kikifuata mstari.

"Mwalimu, huyu mwenye babu aliyepewa kibali na ndege ni mtoto wa nani?"

Ndipo nikakumbuka kwamba mto ule ni mpaka wa nchi. Nikamwambia ni mtoto wa kijijini hapa, na baba yake amezaliwa hapa hapa. Ni kweli. Amezaliwa hapa, ameoa hapa, analima migomba hapa. Karatasi zake za uraia zinashughulikiwa tangu huyo binti hajazaliwa, na kila akienda kuulizia anaambiwa arudi.

"Mimi sina neno na mtu," mtendaji akasema, na akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Lakini barua hii nakala yake inakwenda wilayani. Kule kuna watu wa uhamiaji. Mtoto ameandika mwenyewe, na jina kaweka, kwamba kibali hawana. Na wewe umeandika vizuri sana."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa na hasira ya kutosha tangu siku ya chui, na yeye ndiye aliyeleta balaa hili la alama. Lakini angeweza kuipokea tu na kuipeleka. Akanirudishia, akanipa siku mbili tuiandike upya. Nilishuka kwa miguu mpaka shuleni nikijitukana njia nzima kwa Kisubi, lugha ya kwetu, kwa sababu Kiswahili hakikunitosha.

Sijui habari ilimfikiaje baba wa binti. Vijijini hakuna siri, na huenda mtendaji aliuliza na wengine zaidi yangu. Kesho yake asubuhi alikuwa chini ya dirisha la ofisi ya walimu, amevaa koti la kwendea kanisani juu ya nguo za shamba, kofia mkononi.

"Shikamoo, mwarimu."

"Marahaba. Karibu ndani."

Hakutaka kuingia. Tukasimama pale pale kwenye majani, na wanafunzi wakipita na ndoo za maji wakatuamkia, nasi tukaitikia kila mmoja.

"Mwarimu, mimi sikatai ndege," akasema. "Huyo ndege ni kweri, mama alinihadithia na mimi. Wala mtoto simpigi, amesema aliyosikia. Ninaomba jina lake tu. Jina la mtoto lisiende mahali ambapo mimi siwezi kulifuata."

Nikamwambia nitalitoa. Nikamwambia ni kosa langu. Alinitazama kama vile sijamwelewa, maana hakuja kutafuta mwenye kosa. Akasema asante, akasema tena asante, akaondoka akipitia nyuma ya vyoo ili asipite mbele ya mwalimu mkuu.

Sehemu inayonichoma zaidi nilifanya kwa mikono yangu. Barua ilipaswa kuandikwa upya, na siku ilikuwa imebaki moja, na mwandiko wa wengine, Mungu awasamehe, ulikuwa wa kuku. Nikamwita binti yule yule. Nikamkalisha maktaba, ambayo ni kabati na meza, nikampa karatasi mpya.

Akaandika haraka, wadudu, nzi, mifugo, amani ya koo zote. Alipofika mwisho akanyanyua kichwa.

"Na ile ya babu?"

"Tunaiacha."

"Si ya kweli, madam?"

"Ni ya kweli."

"Basi kwa nini?"

Nilikuwa na majibu, lakini hakuna hata moja ambalo mtu mzima angeweza kumwambia mtoto wa miaka kumi na miwili bila kuona aibu. Kwa hiyo nikafanya tunachofanya walimu tukiishiwa. Nikamfokea. Nikamwambia aandike aliyoambiwa, muda hautoshi, maswali baadaye. Akainama akaandika.

"Sasa jina," nikasema. Nikamtajia la kiranja wa darasa, mtoto wa mwenye duka la pembejeo, kijana mzuri tu, ambaye hakuna mtu duniani angemuuliza babu yake alivuka nini. Binti aliandika jina lile chini ya barua kwa zile herufi zake zilizosimama sawa. Alikausha wino kwa kupuliza, akanikabidhi kwa mikono miwili kama tulivyowafundisha.

Inyamanza alishinda. Nasikia simba alipata kura za wazee wawili na twiga hakupata yoyote, kwa sababu mjumbe mmoja alisema hajawahi kumwona twiga akipita kwake. Mtendaji akaja shuleni siku ya Ijumaa, wakati wa mstari, na shati lake. Akasoma barua yote mbele ya shule nzima. Bila ile ya babu ilikuwa barua ya kawaida, ya faida za ndege kwa mkulima, lakini alivyoisoma ungedhani imetoka ikulu. Akaita jina la mwandishi. Kiranja akatoka mbele, uso umemwiva, akapewa madaftari na kalamu, akaniangalia mimi kuniuliza afanye nini. Nikatazama miti.

"Apigiwe makofi ya kilo!" akasema mwalimu wa zamu.

Wakapiga. Na binti alipiga, mstari wa tatu, kwa mpangilio uleule, paa paa, paa paa paa, hakukosea hata moja. Wenzake wote wa darasa la sita walijua barua ni ya nani. Hakuna aliyesema. Watoto wale walionizungusha siku nne kwa ajili ya mbega na kobe walinyamaza kimya siku ile, na hakuna aliyewaagiza.

Fundi wa rangi akaja akamchora inyamanza kando ya mlango wa ofisi ya kata. Ametoka mnene, anafanana na kuku wa mayai, na mkia umenyooka tu. Watoto walikwenda kumwona wakarudi wamekasirika kwa niaba yake. Mimi nikipita pale kupeleka taarifa za mwezi siangalii ukuta.

Baba wa binti alinitumia mkungu wa ndizi. Mke wake aliuleta kichwani, akaniambia ni shukrani. Nilitaka kuukataa, lakini ukikataa mkungu huku kwetu umetangaza ugomvi, kwa hiyo niliupokea, nikapika, nikala, na kila siku niliyokula nilikuwa na hasira. Ndizi zenyewe zilikuwa nzuri sana. Hiyo nayo iliniudhi.

Halafu ukaja mtihani wa mwezi. Nasahihisha jioni, mezani kwangu, chai pembeni. Karatasi ya kumi na kitu haikuwa na jina. Mkono wangu ulishaanza wenyewe. Nilikuwa nimeandika J kubwa nyekundu ndipo nikaona herufi zimesimama sawa. Majibu yote sahihi. Swali la mwisho liliuliza haki tatu za raia, na alikuwa amezitaja tatu, kwa mpangilio niliowapa ubaoni.

Nilimfuata kesho yake wakati wa uji, nikamkalisha kwenye ngazi za darasa. Nikampa karatasi.

"Umesahau jina."

"Sijasahau, madam."

Sikuona kiburi usoni mwake. Ningejua la kufanya na kiburi, nimepambana nacho miaka ishirini na sita.

"Basi liandike."

Alishika karatasi, akaitazama mbele na nyuma, pale J yangu ilipopenya.

"Karatasi hii inaenda wapi, madam?"

Nikamwambia haiendi popote. Inabaki kwangu, kabatini, na ufunguo ninao mimi. Akanipima kwa macho. Kisha akaiweka kalamu ya wino mfukoni, akaomba penseli kwa mwenzake, akaandika jina lake pembeni kabisa, dogo, na hakukandamiza.